Kondomu ipimwe pale inapouzwa, si kiwandani na mpakani tu

Katika miji mingi ya Kongo, kuanzia Bukavu hadi Lubumbashi, mazungumzo juu ya SIDA hayakosi mtu wa kusema kwamba kondomu haizuii kitu. Sababu inayotolewa ni ile ile: eti mpira una vitundu vidogo sana, na virusi vya SIDA ni vidogo kuliko vitundu hivyo. Wengine huongeza kwamba Wazungu wenyewe wanalijua jambo hilo na wanalificha. Maneno hayo yanasikika kwenye maegesho ya pikipiki, kwenye vyumba vya maombi, hata mbele ya mlango wa hospitali. Kila anayeyaamini anaacha kinga, si kwa ukaidi, bali kwa sababu amehakikishiwa na mtu anayemheshimu kwamba haina faida.

Uvumi huo haukuanzia Kongo, na haukuenezwa na watu wadogo peke yao. Mwaka 2003, Kardinali Alfonso López Trujillo, aliyekuwa mkuu wa Baraza la Kipapa la Familia mjini Vatikano, alisema kwenye televisheni ya BBC kwamba virusi vya SIDA vinaweza kupenya mpira wa kondomu. Shirika la afya duniani, OMS, lilimpinga waziwazi. Lakini kanusho halisafiri kwa mwendo wa uvumi, na miaka zaidi ya 20 baadaye neno lile bado linazunguka.

Kanisa lina haki ya kuhubiri uaminifu katika ndoa, na msikiti vilevile. Hilo ni jambo la imani. Lakini kama virusi vinapita kwenye mpira au havipiti, hilo si jambo la imani. Ni jambo la kupimwa, na lilipimwa zamani.

Maabara ilivyoona

Mwaka 1986, miaka mitatu baada ya virusi hivi kugunduliwa katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, daktari Marcus Conant na wenzake wa Chuo kikuu cha California mjini San Francisco walichapisha majibu ya jaribio lao katika jarida la JAMA. Walitia maji yenye virusi vingi ndani ya kondomu, kisha wakachunguza upande wa nje. Virusi havikuonekana nje.

Jaribio kali zaidi lilichapishwa mwaka 1992 na Ronald Carey na wenzake, watafiti wa idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa. Hawakutumia virusi, bali vijiduara vya plastiki vyenye ukubwa unaokaribia ule wa virusi vya SIDA, yaani karibu sehemu moja ya 9.000 ya milimita. Walivichanganya katika maji mepesi kuliko shahawa, ili vipite kwa urahisi zaidi, wakavisukuma kwa nguvu ndani ya kondomu 89. Katika kondomu 29, vijiduara kidogo vilipatikana upande wa pili.

Hapo ndipo wapinzani wa kondomu huishia kusoma. Wanataja 29 kati ya 89, karibu theluthi moja, na kunyamaza. Lakini watafiti hawakuishia hapo. Walipima pia ni kiasi gani kilichopita, wakakuta ni kidogo mno: hata kondomu iliyofanya vibaya kuliko zote ilipunguza hatari angalau mara 10.000 ukilinganisha na kutotumia kondomu kabisa. Anayetoa hesabu ya kwanza na kuficha ya pili anawadanganya wanaomsikiliza, hata kama namba aliyoitaja ni ya kweli.

Viwanda navyo vina vipimo vyao. Kanuni ya kimataifa ya kondomu za mpira, ISO 4074, inataka kondomu za kila shehena zichukuliwe kama sampuli, zijazwe mililita 300 za maji na kuning'inizwa ili kuona kama zinavuja, au zipimwe kwa umeme. Nyingine hupulizwa hewa mpaka zipasuke: yenye upana wa kawaida haitakiwi kupasuka kabla ya kubeba lita 18 za hewa. Nyingine huwekwa kwanza ndani ya tanuri yenye joto la nyuzi 70 kwa siku 7, ndipo zinapulizwa, ili kuona kama zitavumilia uzee. Shehena isiyopita haiuzwi.

Kinshasa ilivyothibitisha

Ndani ya maabara hakuna giza, haraka, pombe wala mteja anayekataa. Kwa hiyo ilibidi swali liulizwe tena, safari hii kwa watu. Na mojawapo ya majibu muhimu zaidi duniani lilitoka Kongo yenyewe.

Projet SIDA ilianzishwa Kinshasa mwaka 1984, ikafanya kazi karibu na hospitali iliyokuwa ikiitwa Mama Yemo, ambayo leo ni Hospitali kuu ya Kinshasa. Madaktari wa Zaire, Ubelgiji na Marekani walifanya kazi pamoja. Kati ya mwaka 1988 na 1991 walifuatilia wanawake 531 wanaofanya biashara ya ngono ambao hawakuwa na virusi. Waliwapa kondomu, mafundisho, na matibabu ya magonjwa ya zinaa kila mwezi.

Mwanzoni, ni asilimia 11 tu waliokuwa wakitumia kondomu kwa kawaida na wateja wao. Baada ya miezi 6 ilikuwa asilimia 52, na baada ya miaka 3 asilimia 68. Maambukizi mapya yalishuka kutoka 11,7 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka hadi 4,4. Matibabu ya magonjwa mengine ya zinaa yalichangia pia, na watafiti walilisema hilo wazi. Lakini wanawake hao wa Kinshasa walionyesha kwamba kilichoonekana ndani ya chupa kinaonekana pia mitaani.

Watafiti wa Ulaya walipata jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Walifuatilia wanandoa na wapenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, wakachapisha majibu mwaka 1994. Katika jozi 124 zilizotumia kondomu kila mara, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, ingawa walikutana kimwili mara 15.000 hivi. Katika jozi 121 zilizoitumia mara moja moja, watu 12 waliambukizwa. Tafiti nyingi zilipojumlishwa baadaye, zilionyesha kwamba anayetumia kondomu kila mara anapunguza hatari kwa karibu asilimia 80. Si asilimia 100, kwa kuwa binadamu husahau, hukosea kuvaa na wakati mwingine husema alitumia wakati hakutumia. Lakini asilimia 80 iko mbali sana na "haizuii kitu".

Wakati ule nchi ilikuwa imeanza kuelewa. Kondomu za Prudence, zilizouzwa kwa bei nafuu hata kwenye vibanda, zilipita milioni 18 kwa mwaka 1991. Jina hilo liliingia katika lugha, na hadi leo wengi wanaita kila kondomu "Prudence". Septemba 1991 ukaja uporaji mkubwa wa Kinshasa, wageni wakaondoka, Projet SIDA ikafungwa. Kazi iliyokuwa imeanza kuzaa ikakatika njiani.

Dawa iliyosifiwa na maabara ikawaumiza watu

Kuna kinga nyingine iliyopita vizuri maabarani, na historia yake haisimuliwi vya kutosha. Ni nonoksinoli-9, dawa ya kuua mbegu za kiume inayotiwa kwenye jeli, povu na hata kwenye mafuta ya kondomu nyingine.

Mwaka 1985, jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha jaribio lililoonyesha kwamba dawa hiyo inaviua virusi vya SIDA ndani ya chupa. Haikuwa ajabu. Nonoksinoli-9 ni aina ya sabuni, na virusi vya SIDA vimefunikwa na ngozi ya mafuta. Sabuni inayeyusha mafuta, virusi vinakufa. Mwaka 1988, jaribio lingine la maabara likaonyesha kwamba hata kondomu ikipasuka, dawa hiyo iliyomo inaweza kuvizuia virusi. Matumaini yakawa makubwa. Hatimaye mwanamke angekuwa na kinga yake mwenyewe, bila kumwomba mwanaume ruhusa.

Wanawake wa Afrika ndio walioombwa kuijaribu. Nairobi, nchini Kenya, wanawake 138 wanaofanya biashara ya ngono waligawanywa: wengine walipewa sponji zenye dawa hiyo, wengine kitu kisicho na dawa. Majibu yalitoka mwaka 1992. Kati ya wanawake 60 waliofuatiliwa wakitumia dawa, 27 waliambukizwa. Kati ya 56 wasio na dawa, 20. Dawa haikuwakinga, na waliotumia sponji walipata vidonda zaidi ukeni.

Cameroon ikafuata, na wanawake 1.292. Majibu ya mwaka 1998 yalikuwa sawa kwa pande zote mbili, kana kwamba dawa haikuwepo. Watafiti wengine wakasema labda ni kipimo kikubwa mno cha dawa, au ni sponji yenyewe. Wakaandaa jeli yenye dawa kidogo zaidi, ikajaribiwa Benin, Côte d'Ivoire, Afrika ya Kusini na Thailand chini ya uongozi wa daktari Mbelgiji Lut Van Damme.

Julai mwaka 2000, kwenye mkutano wa dunia juu ya SIDA mjini Durban, majibu yakatangazwa. Kati ya wanawake 376 waliotumia jeli yenye dawa, 59 waliambukizwa. Kati ya 389 waliotumia jeli isiyo na dawa, 45. Waliokingwa na dawa ndio walioambukizwa zaidi, na waliokuwa wakiipaka mara nyingi kwa siku ndio waliokuwa hatarini kuliko wote.

Sababu ilikuwa ile ile iliyoifanya isifiwe. Sabuni inayoyeyusha ngozi ya virusi haichagui. Inachubua pia ngozi laini ya uke na ya njia ya haja kubwa. Mahali palipochubuka, mwili unatuma askari wake wa damu, na virusi vya SIDA hupenda kuingia ndani ya askari hao hao. Ndani ya chupa hapakuwa na ngozi ya kuchubuka, kwa hiyo chupa haikuweza kusema hivyo.

OMS ilikutanisha wataalamu mwaka 2001, kisha ikashauri kwamba nonoksinoli-9 isitumiwe kujikinga na SIDA, na kondomu zenye dawa hiyo zisitangazwe tena kana kwamba ni bora kuliko nyingine. Mwaka 2007 serikali ya Marekani iliamuru onyo liandikwe kwenye dawa za kuua mbegu zenye nonoksinoli-9 zinazouzwa bila karatasi ya daktari.

Somo kwa Kongo

Kondomu na jeli zilitoka kwenye maabara zote zikiwa na cheti kizuri. Moja ilithibitishwa na wanawake wa Kinshasa. Nyingine ilikataliwa na wanawake wa Nairobi, Yaoundé, Cotonou na Durban, na baadhi yao walilipa kwa afya yao. Kwa hiyo maabara haipaswi kudharauliwa, wala haipaswi kuaminiwa peke yake. Jibu lake ni kweli kwa hali ile aliyoipima. Hali ikibadilika, inabidi kupima tena.

Na hali ya kondomu inayofika kwa mnunuzi wa Kongo imebadilika sana. Shehena inayokwenda mashariki hupita Mombasa au Dar es Salaam, inapanda lori, inavuka Kasindi au Kasumbalesa, inasimama mpakani, inashushwa, inapandishwa tena. Kutoka hapo barabara mbovu, gari bovu, pengine mtumbwi. Mwisho wake ni duka la bati lisilo na dirisha, au sanduku la muuza sigara linaloshinda juani kutwa nzima. Kijana akishainunua, inakaa mfukoni mwa suruali majuma kadhaa, ikikunjwa na kukaliwa.

Mpira hauvumilii hayo yote. Joto na jua vinauzeesha. Mafuta yanauharibu haraka zaidi: jaribio lililochapishwa mwaka 1989 lilionyesha kwamba mpira wa kondomu ukiguswa na mafuta ya madini kwa sekunde 60 tu, unapoteza karibu asilimia 90 ya nguvu yake. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Kongo, kitu cha kwanza kinachokamatwa kulainisha kondomu ni vazelini, mafuta ya mtoto au mawese. Kondomu ikipasuka, lawama inatupiwa kiwanda, na uvumi wa vitundu unapata shahidi mpya.

Ndiyo maana kukagua shehena kiwandani na mpakani hakutoshi. Nchi ina Office Congolais de Contrôle, OCC, yenye kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia. Ina pia ACOREP, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa vya afya. Taasisi hizo zinapaswa kununua kondomu kama mnunuzi wa kawaida anavyonunua, katika maduka ya dawa, vibanda na kwa wauzaji wa barabarani, Kadutu kama vile Kenya ya Lubumbashi, Kisangani kama vile Kalemie, kisha kuzipima na kutangaza majibu kwa jina la aina na namba ya shehena. Iliyopita itajwe. Iliyoanguka itajwe pia na kuondolewa sokoni.

Kuna atakayesema nchi yenye vita haina nafasi ya kupima kondomu. Lakini kipimo cha maji hakihitaji mitambo ya ajabu. Kinahitaji maji, mahali pa kuning'iniza, karatasi inayonyonya unyevu na mfanyakazi aliyefundishwa. Mashine ya kupulizia hewa inaweza kuwa moja kwa eneo kubwa. Na ni vita hasa vinavyofanya jambo hili liwe la haraka, kwa sababu watu wanahama, familia zinatengana na vituo vya afya vinafungwa.

Kuna tena suala la fedha. Marekani, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kati ya wafadhili wakubwa wa mapambano dhidi ya SIDA nchini, ilisimamisha misaada yake ya nje Januari 2025. Kondomu za bure zikipungua, mkaaji atanunua yoyote atakayoikuta, kutoka popote. Soko la namna hiyo ndilo bidhaa mbovu zinalolipenda.

Wengine watasema sindano mpya zinakuja, kondomu imepitwa na wakati. Ni kweli kwamba katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2024, kati ya wanawake 2.134 wa Afrika ya Kusini na Uganda waliochomwa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna aliyeambukizwa. Hiyo ni habari njema, na imejulikana kwa sababu watu walifuatiliwa, si chupa tu. Lakini sindano hiyo haizuii kaswende, kisonono wala mimba, na siku itakapofika katika kila kituo cha afya cha Maniema au Tanganyika bado haijulikani. Kondomu iko hapa leo.

Kila mmoja na sehemu yake

Wakati serikali inasubiriwa, mnunuzi naye ana la kufanya. Asome tarehe ya mwisho, kwani kondomu haitakiwi kuzidi miaka 5 tangu kutengenezwa. Abonyeze paketi: ikiwa bado na hewa ndani, haijatoboka. Aikatae iliyofifia kwa jua. Asitumie mafuta yoyote na kondomu ya mpira. Kilainisho cha maji ndicho kinachofaa. Akikuta imeandikwa kwamba ina nonoksinoli-9, achukue nyingine isiyo nayo. Na ikipasuka, asingoje: kituo cha afya chenye dawa za kuzuia maambukizi kinapaswa kumpokea ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora.

Muuzaji naye aitoe juani. Muuguzi asiseme tu "tumia kondomu", aonyeshe jinsi ya kuivaa na kuihifadhi. Padri, mchungaji na imamu wahubiri uaminifu kwa nguvu zao zote, bila kusema juu ya mpira jambo ambalo vipimo vimelikanusha. Muumini anayeacha kondomu kwa sababu hiyo si lazima aache ngono. Mara nyingi anaacha kinga peke yake.

Uvumi wa vitundu hautaisha kwa kuwaita wakaaji wajinga. Utaisha siku mkaaji wa Kadutu atakapoweza kusoma kwenye mlango wa duka la dawa kwamba kondomu za shehena hii zilinunuliwa hapa hapa, zikajazwa maji, zikapulizwa hewa, na haya ndiyo majibu. Wanawake wa Kinshasa waliokubali kufuatiliwa kati ya 1988 na 1991 walitoa sehemu yao ya ushahidi. Sehemu iliyobaki ni ya serikali.